Gesi Tatu, Jina Moja: Kuishi kwa Usalama na Mtungi

Neno "gesi" limekwisha kuwa neno la kila siku katika vitongoji vya nje vya jiji la Dar es Salaam. Mtu anayeifuata Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni kwa Azizi Ali kuelekea Mtongani hulikuta mara tatu kabla hajaenda mbali. Dukani, mama wa nyumba akisema "gesi imekwisha", anakusudia ile iliyomo katika mitungi ya rangi iliyopangwa kibarazani. Katika karakana ya kuchomelea vyuma, fundi akimwambia kijana wake "fungua gesi", anakusudia mtungi mwingine kabisa, uliosimama kando ya mtungi wa oksijeni. Na dereva anayesema kwamba bajaji yake "inatumia gesi" anakusudia kitu cha tatu, kilichotoka chini ya ardhi ya Kilwa au Mtwara.

Gesi hizo tatu zinafanana kwa mambo mawili tu: zote huwaka, na zote hushindiliwa chomboni ili zipate kuhifadhiwa na kuchukuliwa. Kwa mengine kila moja ina tabia yake. Moja huzama, nyingine hupaa, na ya tatu yaweza kulipuka hata pasipo hewa. Tahadhari inayofaa kwa moja yaweza kuwa bure kwa nyingine. Katika makala haya tutajaribu kuzieleza tabia hizo, na hasa ile ya gesi ya jikoni, ili msomaji asikariri makatazo tu, bali aweze kuipima hatari mwenyewe kwa kujua chanzo chake.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati iliyo safi. Shabaha hiyo ni njema. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hivyo nia yetu si kumtisha mtu arudie jiko la mkaa, ambalo nalo huua kwa kimya. Lakini mtungi unapoingia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mkaa, hapana budi elimu iingie pamoja nao.

Kimiminika kilichofungiwa

Gesi ya jikoni ni mchanganyiko wa gesi mbili zitokanazo na mafuta ya petroli, nazo ni propeni na buteni. Watu wengi hudhani kwamba hutoka katika visima vyetu vya Songo Songo au Mnazi Bay. Sivyo. Huletwa nchini kwa meli kutoka ng'ambo, hupakuliwa katika matangi makubwa, kisha hugawanywa katika mitungi ya kilo 3, 6, 15 na 38.

Msomaji akiutikisa mtungi atahisi kitu kinachezacheza ndani kama maji. Naam, ndani ya mtungi mna kimiminika. Propeni huchemka katika nyuzi 42 chini ya sifuri za sentigredi, na buteni huchemka karibu na nyuzi sifuri. Katika joto la Dar es Salaam zote mbili zingepaswa kuwa gesi. Zikishindiliwa, walakini, hugeuka kuwa kimiminika na kubaki hivyo maadamu zimefungiwa. Kanieneo ndani ya mtungi, yaani nguvu ya msukumo juu ya kila sehemu ya ukuta wake, huwa kati ya mara tatu na mara kumi ya ile ya angahewa, kwa kadiri ya mchanganyiko na joto la siku hiyo. Jiko la kawaida la mezani halihitaji hata sehemu ya ishirini ya angahewa moja. Kazi ya kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi, ambacho mafundi hukiita regulata, ni kuipunguza nguvu hiyo hadi kiasi ambacho jiko laweza kukimudu.

Katika mitungi midogo ya kilo 6, ambayo kichomeo hufungwa moja kwa moja juu ya koki, aghalabu hakuna regulata. Kinachozuia gesi isivuje ni pete ndogo ya mpira iliyo kati ya kichomeo na koki. Pete hiyo ikichakaa, ikipasuka au ikipotea, usalama wa nyumba nzima umekwenda nayo.

Kutokana na hali hiyo ya kimiminika yanatoka mambo mawili ambayo kila mtumiaji hana budi kuyafahamu. La kwanza ni kwamba lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka kuwa lita zipatazo 250 za gesi. Ndiyo maana ile desturi ya kuulaza au kuupindua mtungi unapokaribia kwisha, ili kukamua kilichobaki, ni ya hatari kubwa. Mtungi ukisimama, kinachotoka juu ni gesi. Ukilala, chaweza kutoka kimiminika chenyewe, na jiko lililotengenezwa kwa gesi hupokea ghafla mafuriko ya mara mia kadhaa.

La pili ni kwamba kimiminika huhitaji joto ili kigeuke kuwa gesi, nalo hulipata kutoka katika chuma cha mtungi na hewa iliyouzunguka. Ndiyo sababu mtungi unaotumiwa kwa nguvu hutoa jasho na kuwa baridi, na gesi huonekana "kugoma" ingawa bado imo. Dawa yake ni kuuacha mtungi upumzike. Anayeuweka karibu na moto, au kuutia katika maji yanayochemka, anaipandisha kanieneo ndani ya chombo bila kipimo chochote.

Mtungi halali, kadhalika, haujazwi hadi pomoni. Huachwa nafasi ya kama sehemu moja ya tano, kwa kuwa kimiminika hutanuka kikipata joto. Anayehamisha gesi kienyeji kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, pasipo mizani, hana njia ya kujua kama ameiacha nafasi hiyo. Mtungi uliojaa kimiminika tupu, ukikaa juani, hauna pa kutanukia.

Gesi inayozama

Sasa tuje kwenye tabia iliyo muhimu kuliko zote. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa, na buteni ina uzito wa karibu mara mbili. Kwa hiyo gesi ya jikoni ikivuja haipandi darini kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, hupita chini ya mlango, huingia katika mitaro na mashimo, na hujikusanya mahali pa chini palipotulia. Yaweza kukutana na moto ulio mbali na mtungi, kisha mwali ukairudia njia ileile hadi ulikoanzia.

Gesi hiyo haiwaki kwa kila kipimo. Ikiwa chini ya asilimia 2 ya hewa, haitoshi. Ikiwa zaidi ya asilimia 10 hivi, hewa haitoshi. Kati ya vipimo hivyo viwili cheche moja hutosha kuulipua mchanganyiko wote. Na tufanye hesabu kidogo. Chumba cha kupanga cha kawaida huko Mtoni kina futi kumi kwa kumi, yaani mita tatu kwa tatu. Tuchukulie kwamba gesi iliyovuja usiku imetanda katika sentimita 30 za chini tu, kimo cha uvungu wa kitanda. Eneo hilo lina ujazo wa mita za ujazo 2.7. Asilimia 2 yake ni lita 54 za gesi. Kwa kuwa lita moja ya gesi hiyo ina uzito wa kama gramu 2, lita 54 ni gramu 108. Mtungi mdogo una gramu 6,000. Kwa maneno mengine, haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya mtungi, na uvungu mzima umekwisha kuwa tayari kulipuka. Mtu aliyesimama, ambaye pua yake i juu ya mita moja na nusu, yamkini asisikie harufu yoyote ya maana.

Na ni vitu gani tunavyoviweka sakafuni? Chetezo cha udi chenye mkaa unaowaka. Kibatari umeme unapokatika. Jiko la mkaa la jirani, kwa kuwa nyumba nyingi hutumia mkaa na gesi kwa pamoja. Njiti ya kiberiti inayowashwa mtu akiwa amechutama ili awashe dawa ya mbu. Nyuma ya friji, karibu na sakafu, mna swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe na kutoa cheche ndogo kila mara. Vitu hivyo vyote viko katika kimo kilekile ambacho gesi hupenda kukaa.

Hapa pana jambo ambalo ni la wajenzi na wenye nyumba kuliko la wapikaji. Nyumba ya kawaida ya pwani, yenye vyumba vya kupanga pande mbili za ukumbi na ua nyuma, ilibuniwa na watu wenye akili. Matundu yake ya hewa huwekwa juu, chini ya paa, kwa sababu joto la mwanadamu na moshi wa kuni hupanda. Kwa moshi ubunifu huo unafaa kabisa. Kwa gesi inayozama haufai, kwa kuwa tundu liko mahali ambapo gesi haifiki, na mahali inapofika hakuna tundu. Isitoshe, uwazi ulio chini ya mlango huzibwa kwa matambara ili kuzuia panya na maji ya mvua. Tumelibadili jiko bila kuibadili nyumba.

Harufu iliyotiwa kwa makusudi

Propeni na buteni zikiwa safi hazina harufu. Harufu ile ya yai viza au kabichi iliyooza, ambayo kila mpikaji anaijua, hutiwa kwa makusudi. Ni kemikali yenye salfa ndani yake, na pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno.

Desturi hiyo ilienea kutokana na msiba. Tarehe 18 Machi 1937 shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ililipuka. Gesi asilia isiyo na harufu ilikuwa imevuja na kujaa chini ya sakafu, wala hapakuwa na mtu aliyeitambua. Wanafunzi na walimu wapatao 300 walikufa. Baada ya hapo sheria ziliagiza gesi itiwe harufu. Basi harufu ya gesi si kero. Ni onyo lililonunuliwa kwa bei kubwa.

Mtungi ndani ya moto

Watu wengi huamini kwamba mtungi ni bomu linaloweza kulipuka lenyewe wakati wowote. Imani hiyo haina msingi. Mtungi mzima, uliosimama mahali penye kivuli na hewa, hauna sababu ya kulipuka. Aghalabu kinacholipuka nyumbani ni gesi iliyokwisha kutoka mtungini na kuchanganyika na hewa ya chumba.

Iko, hata hivyo, hali moja ambayo chombo chenyewe hupasuka, nayo ni kikichomwa na moto kutoka nje. Kimiminika kilichomo huchemka, na kanieneo hupanda. Mahali penye kimiminika ukuta wa chuma hupozwa na kuchemka huko. Lakini sehemu ya juu, yenye gesi tupu, hupata moto, hulainika na mwishowe hupasuka. Papo hapo kimiminika chote kilichobaki hugeuka kuwa gesi kwa mara moja, hutawanyika hewani na kushika moto kama tufe kubwa. Chuma kilichopasuka huruka mbali sana.

Tarehe 19 Novemba 1984 jambo hilo lilitokea katika ghala la gesi la San Juan Ixhuatepec, kando ya jiji la Mexico. Gesi ilivuja, ikawaka, na matangi yakapasuka moja baada ya jingine kwa muda wa saa nzima na zaidi. Watu wapatao 500 walikufa. Wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa ghala hilo. Walikuwa wananchi waliolala katika nyumba zilizokuwa zimelisogelea ghala mwaka hadi mwaka, mpaka zikalizunguka.

Yasisemwe kwamba hayo ni ya mbali. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, lori lililobeba gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijazwa mitungi. Watu kadhaa walipoteza maisha na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Moto uliruka hadi katika nyumba za kuishi na maghala ya jirani. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba maombi ya kibali kwa ajili ya mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia, na miongoni mwa sababu ni msongamano wa makazi. Mexico na Nairobi zinafundisha somo lilelile: umbali kati ya hifadhi ya gesi na kitanda cha mtu ni kifaa cha usalama, sawasawa na koki au regulata. Mtoni ipo jirani na Kurasini na ng'ambo ya mkono wa bahari ya Kigamboni, ambako mafuta na gesi ya taifa hupokelewa. Somo hilo latuhusu sisi kwa karibu.

Gesi ya karakana

Mtungi wa pili tuliouona njiani ni ule wa fundi. Gesi yake huitwa asetilini, nayo hutengenezwa kwa kumwagia maji mawe ya kijivu yaitwayo kabaidi. Ikiwashwa pamoja na oksijeni hutoa mwali wenye joto la nyuzi zipatazo 3,000, unaokata chuma kama kisu kikatavyo siagi.

Asetilini ina uzito mdogo kidogo kuliko hewa, hivyo haizami kama gesi ya jikoni. Hatari yake ni ya namna nyingine. Huwaka kuanzia asilimia 2.5 ya hewa hadi zaidi ya asilimia 80, maana yake ni kwamba karibu kila mchanganyiko wake na hewa waweza kulipuka. Tena, ikishindiliwa peke yake kupita takribani angahewa mbili, molekyuli zake zaweza kuvunjika zenyewe na kulipuka pasipo hewa hata chembe. Je, itawekwaje basi katika mtungi? Mtungi wa asetilini haukuachwa wazi ndani. Umejazwa kitu kigumu chenye vinyweleo kama sifongo, kilicholoweshwa kwa kimiminika kiitwacho asetoni, na gesi huyeyuka humo kama sukari katika chai. Mvumbuzi wa Sweden, Gustaf Dalén, ndiye aliyekamilisha kitu hicho cha vinyweleo, na kwa kazi yake juu ya taa za minara ya bahari alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Mwaka huohuo mlipuko uliotokea wakati akifanya majaribio ya mitungi ya asetilini ulimpofusha.

Kutokana na tabia hiyo yatoka masharti ya karakana. Mtungi wa asetilini usimame wima daima, kwa kuwa ukilazwa asetoni hutoka na gesi hupoteza mahali pake pa kuyeyukia. Mtungi ulioanguka au uliopata joto usitumiwe. Bomba la shaba nyekundu lisiunganishwe nao kamwe, kwa sababu asetilini na shaba hufanya chumvi inayolipuka kwa kuguswa tu. Na koki ya oksijeni isipakwe mafuta wala grisi: oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huyafanya mafuta yawake kwa ghafla kama baruti.

Neno moja pia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mtungi wowote wa zamani unaosemwa kuwa mtupu hubaki na mvuke ndani yake. Mtungi wa gesi ya jikoni uliobaki na mvuke kidogo na kuingiwa na hewa ni wa hatari kuliko uliojaa, kwa kuwa mchanganyiko wake waweza kuwa umo katika kipimo kilekile kinacholipuka. Kuukata kwa moto ni kujitafutia kifo.

Gesi ya Songo Songo

Gesi ya tatu ni yetu wenyewe. Iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na huko Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Mwaka 2004 ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme Ubungo. Na mwaka 2015 bomba jingine kutoka Mtwara lilikamilishwa hadi Kinyerezi. Karibu yote ni methani.

Methani haigeuki kuwa kimiminika kwa kushindiliwa tu katika joto letu. Ili itoshe katika gari hushindiliwa hadi mara 200 ya angahewa, ikiwa bado gesi. Hiyo ni nguvu kubwa mno ukilinganisha na ya mtungi wa jikoni, na ndiyo maana mitungi ya magari hutengenezwa kwa namna ya pekee, hukaguliwa kwa vipindi, wala haipasi kubadilishwa na mtungi mwingine wowote. Fundi anayefunga mtungi wa jikoni katika gari la gesi asilia anafunga chombo kisichoweza kuhimili msukumo huo.

Kwa upande mwingine, methani ina uzito wa zaidi kidogo ya nusu ya hewa. Ikivuja uwanjani hupaa na kutoweka. Ikivuja katika banda lililofungwa hukusanyika chini ya paa. Hivyo banda la gari la gesi lahitaji tundu juu, na chumba chenye mtungi wa jikoni chahitaji tundu chini. Anayezijua tabia hizi mbili hahitaji kukumbushwa lipi ni lipi.

Yatupasayo kutenda

Kwa mpikaji, mambo ya msingi ni machache. Mtungi usimame wima, nje ya chumba cha kulala, na ikiwezekana uani penye kivuli, au ukumbini karibu na mlango ulio wazi. Usiwekwe ndani ya kabati wala uvunguni. Koki ifungwe kila baada ya kupika, si kitasa cha jiko peke yake. Mpira wa gesi uwe ule uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ufungwe kwa kibano, na ubadilishwe unapoanza kupata nyufa. Kila mtungi mpya ukifungwa, maungio yapakwe povu la sabuni: panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kiberiti kisitumiwe kamwe kutafutia uvujaji. Kiberiti kiwashwe kwanza, ndipo gesi ifunguliwe. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutia sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha, na hewa yenye sumu ya monoksidi ya kaboni yaweza kuwa inazalishwa.

Dukani, mnunuzi ana haki ya kuuliza uzito. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Ukiujumlisha na kilo za gesi unapata uzito kamili unaopasa kuonekana katika mizani. Mizani humlinda mnunuzi asipunjwe, na humlinda pia na mtungi uliojazwa kupita kiasi. Lakiri iliyovunjwa ni sababu tosha ya kuukataa mtungi.

Harufu ikisikika, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, kwa kuwa hata kuzima hutoa cheche. Zima moto wote kama upo, funga koki, fungua milango na madirisha, uwatoe watoto, na uwaonye majirani wa ukumbi mmoja, kwani gesi haijui mpaka wa chumba. Simu ipigwe kutoka nje. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Gesi ikiwa tayari inawaka kwenye kichomeo au mpira, na koki yaweza kufikiwa bila kuungua, ifungwe. Kitambaa kilicholoweshwa maji chaweza kuukinga mkono. Ikiwa haifikiki, watu watoke wote na kukaa mbali. Wala watu wasishindane kuuzima mwali ambao chanzo chake hakiwezi kufungwa. Gesi inayowaka inaonekana na inajimaliza. Ukiizima huku inaendelea kutoka, hutanda bila kuonekana na kungoja cheche nyingine.

Mpikaji, hata hivyo, asibebeshwe mzigo wote peke yake. Mwenye nyumba anayepangisha vyumba sita kwa familia sita, kila moja na mtungi wake, anapaswa kutoboa tundu la hewa karibu na sakafu katika kila mahali pa kupikia, lenye wavu wa chuma wa kuzuia panya. Gharama yake ni ya tofali moja. Kilicho bora zaidi ni banda la wazi la kupikia uani, kwa wapangaji wote. Serikali ya mtaa, ambayo hujua ni wapi pameanzishwa ghala jipya la mitungi, isiache suala hilo kwa mamlaka zilizo mbali tu. Iulize kibali, na ipime umbali wa nyumba zilizo jirani. Shule nazo zina nafasi yake, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa uzito wa molekyuli aweza kuonyeshwa kwa hesabu ya dakika tano kwa nini gesi ya nyumbani kwao huzama, na kuipeleka hesabu hiyo kwa mama yake jioni ileile.

Ikiwa mkakati wa mwaka 2034 utatimia, mamilioni ya mitungi itaingia katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa na mtungi. Kila ajali moja itakayosimuliwa mtaani itawarudisha watu wengi kwenye mkaa, na miti mingi itaangushwa, na vifua vingi vitaumia kwa moshi. Tundu la tofali moja, pete nzima ya mpira na povu la sabuni ni vitu vidogo. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba vimefika kila ukumbi kabla ya mtungi, au angalau siku ileile unapofika.